Mkubwa ameanza tena kukojoa kitandani, na kila siku anampiga mdogo wake

"Daktari, habari za kazi. Nina watoto wawili wa kiume, mkubwa ana miaka 5 na miezi kadhaa, mdogo ana mwaka na miezi 8. Tunaishi Mbagala, chumba na sebule. Baba yao ni dereva wa malori ya Tunduma, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na mimi nina genge la mboga na matunda hapo hapo mtaani. Mkubwa aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka mitatu na nusu. Sasa tangu miezi miwili iliyopita ameanza upya, kwa wiki anaweza kukojoa siku nne. Tena amekuwa mkorofi, anampiga mdogo wake, anamsukuma, juzi kamng'ata mkono hadi alama. Cha ajabu mdogo alipozaliwa hakuwa na wivu kabisa, alikuwa anataka kumbeba muda wote. Nimemkatia maji kuanzia saa kumi jioni, nimemchapa, nimemwanikisha godoro mwenyewe watu wakimwona, wapi. Mama mkwe anasema nisimlegezee, watoto wa kiume ndivyo walivyo na fimbo ndiyo dawa, hata baba yao alikojoa mpaka darasa la tatu. Jirani ananiambia nimfunge chura kiunoni. Mdogo bado ananyonya, je nimwachishe ili mkubwa asione wivu? Nimechoka. Wakati mwingine nampiga halafu naenda kulia chooni."

Pole sana mama. Umeniletea mambo mawili yakiwa yamefungwa furushi moja, na wazazi wengi huyafunga hivyo hivyo: mtoto anakojoa, mtoto anapiga, basi mtoto kaharibika tabia. Naomba tulifungue. La mkojo huenda ni la mwili, na mwili lazima upimwe kabla hatujaanza kuzungumzia tabia. La kupigana ni la nyumbani, na dawa yake iko mikononi mwenu, wewe na baba yao.

Kabla ya yote, leo hii acha kumkatia maji. Nitakueleza sababu, lakini usisubiri ufike mwisho wa jibu ndipo umpe.

Kibofu kikijaa hupeleka taarifa kwenye ubongo. Kwa mtu mzima aliyelala, ubongo ama hukizuia kibofu kisijiachie, ama humwamsha mwenyewe aende chooni. Usiku pia ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zipunguze kutengeneza mkojo, ndiyo maana wewe unaweza kulala kwa muda wa saa saba bila kuamka. Kwa watoto mfumo huu hukomaa kwa mwendo tofauti. Wakifika miaka 5, kati ya watoto 100 takribani 15 bado wanakojoa kitandani, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Mara nyingi jambo hili hutembea katika ukoo: mzazi mmoja akiwa naye alichelewa kuacha utotoni, karibu nusu ya watoto wake nao watachelewa kuacha. Kwa hiyo mama mkwe wako amekupa taarifa muhimu bila kujua. Ila ushauri wake na ushahidi wake havipatani. Kama fimbo ndiyo dawa, mbona mwanawe alifika darasa la tatu akiwa bado anakojoa? Sidhani kama alikosa fimbo. Fimbo humfundisha aliye macho, na mtoto huyu anakojoa akiwa usingizini, hajui wala hajaamua.

La chura nalo nilisemee, maana nalisikia sana. Watoto wanaokojoa huacha wenyewe kidogo kidogo: kila mwaka, kati ya 100, kama 15 huacha bila kufanyiwa chochote. Sasa aliyeacha wiki ile aliyofungwa chura, sifa inakwenda kwa chura. Wale ambao chura hakuwasaidia, hakuna anayewasimulia. Mtoto anayeogopa chura anaweza hata asilale vizuri usiku huo, akaamka mkavu, na mtaa mzima ukaamini. Mwache chura aende zake.

Lakini mwanao si yule ambaye hajawahi kuacha. Alikaa mkavu mwaka mzima na zaidi, kisha akarudia. Kwetu mtoto aliyekaa mkavu miezi 6 au zaidi halafu akaanza upya tunamtazama kwa jicho jingine, tunauliza ni kitu gani kimebadilika. Cha kwanza ninachotaka kiondolewe shaka ni kisukari. Ndiyo, watoto wadogo nao wanaugua kisukari, na kurudia kukojoa kitandani ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo ambazo familia nyingi hudhani ni ukorofi. Sukari ikizidi kwenye damu humwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji mengi ya mwili, ndipo mtoto anakojoa sana usiku na mchana, anapata kiu isiyokatika, anakonda ingawa anakula, na anakuwa mchovu. Ukimkatia maji mtoto wa namna hiyo unamkausha huku mwili wake ukiendelea kuyapoteza. Ndiyo sababu nimeanza na maji. Sisemi anao, uwezekano ni mdogo. Ila kipimo chake ni tone la damu kidoleni, majibu hutoka papo hapo, hata kituo cha afya wanacho, na gharama ya kutopima ni kubwa mno. Kama pamoja na mkojo kuna kiu kali na kukonda, mpeleke leo, sio wiki ijayo. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kwa kina, au kulegea na kusinzia ovyo, hiyo ni dharura, nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Kipimo cha mkojo kitatuonyesha mengine. Maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mtoto aende haja ndogo mara kwa mara, asikie maumivu, pengine na homa. Kichocho, kama huwa anakwenda kijijini na kuoga kwenye madimbwi au mito, huleta damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Na kama hajawahi kupimwa sikoseli, pimeni sasa hivi mkiwa hapo hapo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na figo zao hushindwa kuubana mkojo uwe mchache na mzito. Hao mara nyingi huwa hawajawahi kuacha kukojoa, kwa hiyo kwa mwanao sitegemei sana kuukuta, lakini kujua ni bora.

Mwombe pia daktari atazame koo na pua, kama mwanao anakoroma na kulala mdomo wazi. Nyama za puani zikivimba, usingizi unakatikakatika na mkojo unafuata.

Sasa nije kwenye lile ambalo mimi, kwa watoto wa umri huu, naliwazia kuliko yote. Hukusema kama mwaka huu ameanza shule ya awali. Kama ameanza, nenda kakione choo chao. Mtoto wa miaka 5 anayekuta choo kichafu, chenye giza, shimo kubwa na foleni ya wakubwa nyuma yake, anajibana. Anajibana haja ndogo tangu asubuhi hadi arudi, na haja kubwa anaiahirisha siku mbili tatu. Haja kubwa ikikaa inakauka, inajaa kwenye utumbo wa mwisho, na utumbo huo umepakana na kibofu. Ukijaa unakikandamiza, kibofu kinakosa nafasi na kinaanza kujiachia bila mpango. Mzazi haoni, kwa sababu mtoto wa miaka 5 anakwenda chooni peke yake. Mwulize, na mara mbili tatu angalia mwenyewe: anakwenda kila siku? Ni kigumu, kikubwa, kinamuuma? Chupi ina madoa? Ukiona hivyo, tatizo la usiku linaanza kutibiwa mchana. Genge lako lina dawa zake: papai, embe, chungwa alile na nyama zake, mchicha, maharage. Maji ya kutosha, kwa umri wake kama lita moja hadi lita moja na robo kwa siku, na zaidi siku za joto, mengi ayanywe asubuhi na mchana. Kila baada ya mlo akae chooni dakika tano bila kuharakishwa. Kama choo kimeshakuwa jiwe, matunda peke yake hayatoshi, kituoni watampa dawa ya kulainisha.

Jioni, chai ya rangi mwondolee, inaongeza mkojo, na maji ya mwisho anywe kama saa moja kabla ya kulala. Akojoe kabla ya kupanda kitandani, kila siku. Kumwamsha saa tano usiku wakati unaingia kulala si vibaya, godoro litapona, ila usitegemee kuwa hilo litamfanya aache mapema. Likikuchosha, acha. Tafuta karatasi ya nailoni nzito utandike chini ya shuka. Asubuhi akusaidie kutoa shuka na kulipeleka kwenye beseni, kama anavyokusaidia kubeba vikapu, bila maneno na bila watazamaji. Kumwanikisha godoro mbele za watu kuna madhara mengine: wenzake watamwita kikojozi, hofu itaongezeka, na mtoto mwenye hofu hulala vibaya na kukojoa zaidi. Hapo naomba ukome kabisa, na jirani naye asimtanie.

Zipo tiba nyingine, vidonge vyenye mfano wa ile homoni ya usiku na vifaa vya kengele vinavyolia mtoto anapoanza kulowa. Si vya kuanzia, na kwa mtoto wa umri huu kwa kawaida tunangoja kwanza. Vidonge visinunuliwe duka la dawa kwa kuambiwa na mtu, maana akivinywa na maji mengi vinaweza kumdhuru.

Kuna swali moja ambalo ni zito lakini siwezi kuliruka. Mtoto aliyerudia kukojoa ghafla, akabadilika tabia na kuanza kuumiza wenzake, lazima tujiulize kama kuna mtu anayemtendea vibaya. Watoto wa kiume nao wanatendewa, na kwa kuwa hatuwadhanii, hawaulizwi. Nani anabaki naye ukiwa sokoni alfajiri? Kuna mtu ambaye siku hizi hataki kuachwa naye? Analalamika maumivu ya sehemu za siri au za haja kubwa? Mwulize mkiwa wawili, kwa utulivu, kwa maneno ya kawaida: "Kuna mtu anakugusa mahali au anakufanyia jambo usilolipenda? Ukiniambia sitakukasirikia." Asipokuwa na la kusema, mwache, usimhoji mara kumi. Akisema lolote, mwamini, usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa, nendeni hospitali moja kwa moja na dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, unapiga bure. Mara nyingi jibu la swali hili ni hapana, lakini liulize.

Tuseme vipimo vimetoka safi. Inabaki hii vita ya sebuleni.

Unashangaa kwa nini hakuona wivu mdogo alipozaliwa. Mimi sishangai. Mtoto mchanga hana ushindani, analala, ananyonya, hachukui kitu cha mtu. Wivu wenyewe huja pale mdogo anapotambaa na kutembea, anapoanza kunyakua gari la kuchezea, kubomoa alichojenga kaka yake, kufanya vituko watu wacheke. Mdogo wake ana mwaka na miezi 8. Hesabu miezi tangu alipoanza kukimbia, utaona inakaribiana na ugomvi.

Halafu kuna sentensi moja, nina hakika inasemwa nyumbani kwako kwa sababu inasemwa kila nyumba: "Wewe mkubwa, mwachie mdogo wako." Kwa siku inaweza kusemwa mara kumi. Iangalie upande wa mtoto wa miaka 5. Akiwa na kitu, atakipoteza mdogo akilia. Akikitetea, ni mkorofi. Sheria ya nyumba inasema anayelia kwa nguvu ndiye mwenye haki, na yeye hana mahakama nyingine isipokuwa mkono na meno. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "subiri kwanza", kwa umri wake ndiyo kwanza inajengwa, na itaendelea kujengwa mpaka apite miaka 20. Kwa kawaida watoto hupiga na kung'ata zaidi wakiwa kati ya miaka 2 na 4, kisha hupungua kadiri wanavyopata maneno na kuonyeshwa njia nyingine. Wavulana kwa wastani hupigana kidogo zaidi ya wasichana, hapo mama mkwe ana punje ya ukweli. Lakini "ndivyo walivyo" haimaanishi waachwe hivyo, na anayewafundisha njia nyingine hawezi kuifundisha akiwa ameshika fimbo. Fimbo hunyamazisha dakika ile, sikatai, ndiyo maana inashawishi. Kwa muda mrefu watoto wanaochapwa sana huwa wagomvi zaidi, kwa sababu wamejifunza kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Mwanao ni mkubwa kuliko mdogo wake, na anatumia somo hilo kama alivyolipokea. Na usimng'ate ili "aone inavyouma", kama utakavyoshauriwa na mtu wiki hii au ijayo.

Ufanye nini? Mpe vitu ambavyo ni vyake peke yake. Boksi au kikapu juu ya kabati, humo mna gari lake, daftari lake, kalamu zake za rangi, na sheria ni kwamba mdogo havigusi hata akilia mpaka mtaa wa pili. Utashangaa jinsi mtoto aliyehakikishiwa chake anavyokuwa mwepesi kugawa kile kingine. Vya wote vichezewe kwa zamu, na zamu unaisimamia wewe.

Akipiga, zuia mkono kwanza, sema maneno machache: "Hapana, hatupigi. Kaa hapa." Kisha mwangalie aliyeumia kabla ya kumhangaikia aliyepiga. Dakika chache baadaye, wote wakishatulia, mwonyeshe cha kusema: "Sema, mama, amechukua gari langu." Na akikuita hivyo, uitike, hata kama mteja amesimama na fungu la nyanya mkononi. Usipoitika mara tatu, mara ya nne atarudi kwenye kung'ata. Mkamate pia akifanya vizuri na umtajie alichofanya: "Umemsubiri mdogo wako amalize, nimeona." Hiyo ina thamani kuliko "mtoto mzuri" mara ishirini.

Na umpe muda wako akiwa peke yake. Najua unavyoishi, sokoni alfajiri, genge mpaka usiku, mmoja mgongoni. Sikuombi saa nzima. Dakika kumi kila siku, mdogo akiwa amelala au kwa bibi yake, simu ikiwa mbali, mkifanya anachotaka yeye: kupanga ndizi, kuchora, kuhadithiana. Zisiondolewe kama adhabu siku aliyokosea, siku hiyo ndiyo anazihitaji zaidi.

Baba yao naye ana sehemu. Nadhani akipiga simu kutoka njiani, swali lake la kwanza kwa mkubwa ni "umempiga tena mdogo wako?" Mwambie aanze na mengine: leo umecheza nini, hapa nilipo mvua inanyesha, hebu kisia lori limebeba nini. Mtoto anayemwona baba mara mbili kwa mwezi, kisha sauti ya baba ikawa ya mashitaka, anapoteza mtu mwingine tena. Na asiambiwe "baba hayupo, wewe ndiye mwanaume wa nyumba". Ana miaka 5.

Kama baada ya miezi miwili au mitatu ya kufanya haya hakuna nafuu, au anaanza kumkaba mdogo shingo, kutumia vitu vya kuumiza, kutesa wanyama, au ukiona maneno yake yanarudi nyuma na hajichanganyi na wenzake, muone daktari wa watoto au kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa. Huko hawapelekwi wendawazimu tu.

Kuhusu wewe. Ukiona mkono unapanda, mdogo muweke mahali salama, toka nje ya mlango, unawe uso, rudi. Mama mkwe anayetoa ushauri mwingi hivyo anaweza pia kukaa na watoto Jumapili mchana, mwombe waziwazi. Kama kulia huko chooni kumekuwa kwa karibu kila siku, hulali hata ukipata nafasi, au unajiona bora usingekuwepo, hayo ni maradhi na yanatibika. Mwambie muuguzi siku hiyo hiyo mnapompeleka mtoto.

Kunyonya: usimwachishe kwa sababu hii. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi mama akipenda. Ukimwachisha ghafla utapata watoto wawili wanaolia badala ya mmoja anayepiga. Wakati mdogo ananyonya, mkubwa akae upande wa pili, asikilize hadithi.

Asubuhi ya kwenda kituoni, chukua mkojo wake wa kwanza kwenye kichupa kisafi, beba kadi yake ya kliniki, na kwenye karatasi uwe umeandika kwa siku chache kabla: amekunywa maji kiasi gani, amekwenda haja kubwa siku zipi, amekojoa usiku upi. Ila kama zile dalili za sukari zipo, karatasi isikucheleweshe. Majibu yakitoka, niandikie tena.